Nilichomsomea Baba Kwenye Boksi la Jeki

Mpendwa Shangazi Gaudiosa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia jina langu usilitaje, hata herufi ya kwanza, kwa sababu huku Mkumbi gazeti moja linasomwa na watu arobaini na jirani yetu Mzee Wendelini husoma kwa sauti. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nina aibu sana, nikiulizwa swali darasani nalijibu nikiliangalia dawati, na haya ninayokuandikia kwa simu ya mama sijamwambia mtu yeyote. Jumapili hii napata kipaimara, juzi tulienda kuungama, na nilipofika kwenye dhambi hii nikamwambia padri "na nyingine ndogo ndogo" nikaondoka haraka.

Mambo yalianza baba aliponunua pikapu. Ni ya zamani, ya bluu, mlango mmoja wa kijani, ni ya kubebea kahawa yetu na ya majirani, na tangu siku ya kwanza kuna kitu kinagonga chini yake, go, go, go, hasa ikipanda mlima, na kwetu kila mahali ni mlima. Baba akasema hatuwezi kila wiki kuwa kwa fundi Mbinga mjini, tutafungua gereji yetu hapa nyumbani, na vifaa atachagua binti yangu maana anasoma fizikia, tena kwa Kiingereza, na vifaa vyote vimeandikwa Kiingereza. Ni kweli Shangazi nasoma fizikia. Ile vernia kalipa ya kupimia unene wa vitu nimeichora kwenye daftari mara nne nikapata tiki zote nne, ila sijawahi kuishika.

Basi tukaenda Mbinga, baba akabaki barabarani na gari kwa sababu ukilizima haliwaki mpaka lisukumwe, nikaingia dukani peke yangu, na nani anauza, ni Kaka Sixbert ambaye hupiga kinanda parokiani kwetu, mimi naimba sauti ya pili, na kwa miaka miwili sijawahi kutamka neno mbele yake ambalo halikuwa kwenye kitabu cha nyimbo. Akaniuliza spana ninataka za inchi au za mili. Sikujua kama spana zina makabila, nikasema za inchi, kwa sababu inchi ni kubwa kuliko mili kwa hiyo niliona zitakuwa na nguvu zaidi. Akaniuliza jeki ya tani ngapi, na hapo ulimi ukafanya kama unavyofanya ugenini nikiulizwa nipakuliwe ugali kiasi gani, nikasema, "Kidogo tu, kaka." Akaniuliza aniwekee na stendi mbili za kuegemeza gari.

Nikamjibu, "Asante, nimeshiba."

Nilisema hivyo hivyo, Shangazi. Akaniangalia, akaangalia stendi, akazirudisha chini. Baada ya hapo nilikuwa nimeiva uso mzima, kila alichogusa nikatikisa kichwa kukubali ili mambo yaishe, nikatoka na kifaa cha kupulizia rangi, kopo la nta ya kung'arishia bodi, na koti la usukani lenye manyoya ya rangi ya machungwa.

Baba alilipenda sana lile koti. Alilivika usukani palepale, akaendesha mpaka nyumbani akilipapasa kama anambembeleza mtoto wa mbuzi. Kifaa cha rangi alikichukua mama, anakitia maji na kunyunyizia nguo anapopiga pasi, na ameshasema hakitoki chumbani kwake. Kwa hiyo zikabaki spana, na spana hazikubali nati hata moja, hii inazunguka bure, inayofuata inagoma kuingia. Baba akasema nati za gari hili zimezeeka. Mimi nilikuwa nimeshajua ni spana, nikasema ndiyo baba, zimezeeka.

Sasa ndiyo inakuja dhambi yenyewe. Jioni wazee walikuja kuangalia vifaa, baba akaniita uani, akanipa boksi la jeki na kusema, "Mama, wasomee wazee wako." Huwa ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikasoma kwa Kiingereza vizuri kabisa, sauti haikutetemeka, kwa kuwa Kiingereza hakuna aliyekuwa anakielewa. Iliandikwa kwamba jeki hii ni ya magari madogo yasiyozidi tani moja, na kwamba mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, anaweza kufa. Baba akasema haya, sasa tafsiri. Nikaona nikitafsiri watajua nimenunua jeki isiyofaa, na baba ametoka kunisifu mbele yao dakika hiyo hiyo. Nikasema imeandikwa, "Hongera kwa kuchagua jeki hii. Itumie kwa furaha."

Wazee walipiga makofi. Mzee Wendelini akasema watu waliotengeneza hiki kitu wana adabu.

Pengine ningekaa kimya mpaka nimalize shule, lakini baba aliona gereji za mjini zina shimo ambalo fundi husimama ndani na gari liko juu yake. Akasema kama ni mashimo, nani wa kutufundisha sisi Wamatengo. Yeye na Mzee Wendelini wakachimba wanavyojua wao. Walifyeka nyasi, wakazilaza pande nne, wakazifukia kwa udongo mpaka yakawa matuta, katikati wakaacha shimo. Yaani walichimba ngoro, Shangazi, kama ile ya shambani, ila ndefu. Gari likapandishwa, magurudumu juu ya matuta. Na kazi ya ngoro unaijua, ni kushika maji ya mvua yasiteremke na udongo, na ya baba ni nzuri kweli. Mvua imenyesha siku mbili na ngoro haijapoteza tone. Bata wa mama wamehamia. Zile nyasi chini ya matuta nazo zimelainika, gurudumu moja la mbele limedidimia, na gari limeinama upande mmoja kama linasikiliza kitu.

Baba anasema Ijumaa atachota maji kwa ndoo, atanyanyua gari kwa ile jeki, ataingia chini atafute kinachogonga, kwa sababu Jumamosi anateremka Mbamba Bay kumchukua Bibi Domitila, mama yake mama, aje kwenye kipaimara changu. Bibi ameshaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kutuletea. Nikisema ukweli baba atachekwa na wazee, mimi nitaonekana mwongo tena wiki ya kipaimara, na dukani nitatakiwa kurudi na Kaka Sixbert atakuwepo. Nimeshapima nati zote za pembeni kwa rula ya shule, saizi zake nimeziandika nyuma ya daftari la fizikia, kwa hiyo si kwamba sijafanya kitu. Ninachotaka kujua ni hiki, naweza kumwambia baba kwamba kuna maneno kwenye boksi sikuyaona vizuri kwa sababu jua lilikuwa limezama? Au kuna njia nyingine ambayo sitahitaji kuongea?

Ni mimi niliyeshiba dukani, Mkumbi.

*

Marahaba, binti yangu. Barua hukaa foleni hapa kwangu wiki tatu, yako imekaa dakika nne. Majibu haya nayatuma leo Jumatano kwa simu hiyo hiyo ya mama yako, wasomaji wengine watayakuta gazetini Jumapili. Mama akiyasoma kabla yako, basi sehemu ya kazi itakuwa imefanyika. Na jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ila ukishaeleza pikapu ya bluu yenye mlango wa kijani na bata chini yake, sijui nimekuficha kwa nani.

Kabla sijaandika chochote nimeipigia simu hiyo. Amepokea baba yako. Sikukutaja. Nilimwambia mimi ni Gaudiosa, nimeishi miaka ishirini na mitatu na fundi magari, na nimesikia kuna mtu Mkumbi anataka kuingia chini ya gari zito kwa jeki ndogo. Akaniuliza ni mtu gani. Nikamwambia mwenye koti la machungwa kwenye usukani. Akasema, "Mama, jeki yenyewe imezama. Leo asubuhi tuliijaribu juu ya tuta, tukapampu, gari halikupanda, jeki ndiyo iliyoshuka. Sasa hivi niko na Mzee Wendelini tunaitafuta kwa jembe."

Nimemwambia aache kuitafuta. Ikiota, atavuna.

Nikamuuliza sasa ataingia chini ya gari kwa kutumia nini. Akasema haingii. "Namngoja binti yangu atoke shule anisomee lile boksi tena. Siku ile alisoma kirefu kwa Kiingereza, Kiswahili kikatoka kifupi. Nadhani aliwaonea wazee aibu."

Umeisikia hiyo? Wewe umelala siku kadhaa ukitafuta uongo wa kufunikia uongo, jua lilikuwa limezama, sijui nini, na mwenzako anahesabu urefu wa tafsiri yako na bado anakungoja.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu tufanye kazi. Kuona aibu si kosa, mimi mwenyewe nilijificha jikoni siku ya kuposwa. Kununua spana zisizofaa si kosa pia, marehemu mume wangu aliwahi kununua spana za inchi akiwa ameshafanya ufundi miaka kumi. Lakini mtu akiandika "utakufa" wewe ukasoma "hongera", hapo umevuka mpaka. Hujamkinga baba yako na kicheko cha wazee, ulikuwa unamtayarishia kilio. Kwa Kiingereza ulichosomeshwa, watu wa nyumbani kwako wanategemea macho yako. Usiwauzie macho mabovu.

Haya. Zile spana zipanguse, zirudishe kwenye boksi lake, uende Mbinga uombe kubadilishiwa. Unaogopa kuongea, basi usiongee. Mwambie baba atoe nati moja ya gari inayotoka kwa mkono, ifunge kwenye leso, ifungue juu ya meza ya duka. Nati haina aibu, itajisemea yenyewe. Pembeni yake weka karatasi yenye zile saizi ulizopima kwa rula, na hapo nikusifu, kwa sababu kupima kabla ya kununua ndiyo fizikia yenyewe, hata bila vernia. Nakuhakikishia utakuta ni za mili, namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na saba, na kwa gari la nyumbani hizo nne zitafanya karibu kazi yote. Chukua zile zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili.

Jeki, tani tatu. Si kidogo tu. Stendi mbili, na hizo ndizo zinazoshika gari, jeki kazi yake ni kunyanyua kisha kupumzika. Spana ya tairi, bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru. Mbao nene ya kuweka chini ya jeki na mawe mawili ya kuzuia magurudumu hupati dukani, viko nyumbani kwenu. Kitu chochote chenye manyoya kiache. Kopo la nta uliloletea gari linaloinama, hilo lirudishe pia. Kifaa cha rangi nisingethubutu kumnyang'anya mama yako.

Gari linyanyuliwe juu ya ardhi ngumu na tambarare. Najua kwenu tambarare ni bidhaa adimu, lakini uwanja wa kuanikia kahawa si upo? Majirani walivute gari kwa kamba litoke kwenye matuta, na mtu asisimame shimoni wakati wanalivuta. Ile ngoro msiifukie, imechimbwa na watu wanaojua kuchimba. Pandeni maharage kwenye matuta yake, bata watawazoea.

Kuhusu safari ya Jumamosi, gari linalogonga go, go, go haliteremki Mbamba Bay, ile milima haitanii. Likaguliwe kwanza na fundi mwenye shimo kavu. Bibi Domitila apande basi dogo na usipa wake, baba yako amngoje stendi ya mabasi Mbinga, na kipaimara chako bibi atakiona. Kabla ya hapo mrudie padri. Mwambie ile ndogo ndogo ina jina.

Lakini hayo yote ni ya kesho. Leo ukitoka shule msalimie baba, chukua lile boksi, mkae wawili tu bila wazee. Usianze na samahani, utalia na hutamaliza. Anza na neno la kwanza la juu, mtafsirie moja moja, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa. Akicheka, mwache acheke. Akinyamaza, geuza daftari lako la fizikia umsomee na saizi za nati.

Na Kaka Sixbert akishafunga stendi mbili kwenye mfuko na kukuuliza kama kuna kingine, hapo sasa, binti yangu, ndipo useme umeshiba.