Ukirudi kwa Mwalimu wa Chiriku

Bweni la wafanyakazi,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na Mama, ameanza kula vizuri? Mimi ni mzima wa kusimama tu. Kikohozi cha vumbi hakijaniacha. Humu bwenini tunakohoa kwa kupokezana kama majogoo.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kumbe mwalimu anataka Chiriku wangu arudie darasa kwa sababu hatulii, nawe ukamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba masomo yake yangemlaza hata mbuzi! Nilicheka peke yangu, Dada, halafu kicheko kikakatika.

Najua una haki. Tangu mama yake atutoke wewe ndiye unayemlea, unamwona. Anamaliza hesabu wenzake hawajaandika tarehe, kisha anakaa bure, na mikono yake haijui kukaa bure. Ndiyo maana alifungua nati za dawati likaanguka na watoto. Lakini muhula unaisha, na akirudishwa nyuma kusoma yale yale anayoyajua, tumempoteza. Mimi nilipoachia shule njiani, hakuna aliyekwenda kuniulizia.

Nikueleze jambo la huku. Mwenzetu tuliyemwita Msumari aliona ubao wa jukwaa tunalosimamia kule juu umepasuka. Akamwambia nyapara mbele yetu sote, "Bosi, hayo macho umeazima? Ubao huu umekufa!" Tukaangua kicheko. Nyapara akaona haya, akamjibu, "Ukiogopa, kaa chini, na mshahara wako nao ukae." Msumari akapanda. Sasa amelala hospitali, hasikii miguu. Kuhusu ubao alikuwa amepatia.

Siku hizi nikiona ubao mbovu namfuata nyapara pembeni, namuuliza, "Bosi, hapa unashauri tuweke ubao upi?" Anautazama mwenyewe, anaamuru ubadilishwe. Kujishusha huko kunanichoma rohoni, lakini jioni nashuka kwa miguu yangu.

Kwa hiyo nakuomba umeze hasira. Nenda asubuhi kabla ya vipindi, peke yako, walimu wengine wasisikie. Anza na dawati; mwambie kwamba shemeji atakuja kulikaza. Mwambie tunajua darasa lake limejaa hadi mlangoni na yeye ni mmoja. Halafu muulize, "Mwalimu, wewe ndiye unayeshinda naye. Akimaliza mapema, tumpe nini?" Kisha nyamaza. Najua hilo ndilo litakalokutoa jasho.

Akisema asaidie wanaochelewa, au apewe kitabu cha darasa la mbele, shukuru kana kwamba hukuwahi kuliwaza. Liwe wazo lake. La kurudia darasa, omba tu amtazame muhula mmoja zaidi.

Dada, utundu ningeuvumilia. Nilipopiga simu juzi nilimuuliza kama bado anasumbua. Akasema, "Sisumbui tena, Baba. Nikimaliza naangalia ukuta." Mtoto aliyekuwa akiongea hadi na kuku! Tangu hapo usingizi umenipaa.

Mwalimu akikataa kabisa, msijibizane. Aga, urudi nyumbani. Na Chiriku akikuuliza amesemaje, mwambie kweli yote, hata ikiwa chungu. Tukimdanganya atajua, na atanyamaza na kwetu pia.

Nisalimie shemeji, Mama, na mamdogo wa ng'ambo ya barabara. Mungu akulainishie ulimi asubuhi hiyo, na awafunike nyote kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa mbali,

Baba Chiriku