Tarumbeta Mbili kwa Mdomo Mmoja

Mshauri wetu mpendwa, amani ya Bwana iwe nawe. Naomba msaada wa mawazo kabla ya Pasaka, kwa maana jambo nililolianza kwa nia njema linaelekea kuniondolea rafiki.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Nanyala, na usharika wetu una tarumbeta mbili tu, ambazo kwa miaka mingi tumezipuliza, mimi sauti ya kwanza na rafiki yangu Alinanuswe sauti ya pili, hasa alfajiri ya Pasaka tunapokwenda makaburini kutangaza ufufuo, lakini mwaka juzi aling'olewa meno ya mbele, na mtu asiye na meno hayo hawezi kubana midomo ipasavyo, basi kwa kuwa sikutaka nafasi yake apewe mwingine nikajifunza kuzipuliza zote mbili kwa pamoja, yangu upande wa kulia wa mdomo na yake upande wa kushoto, na Mungu akanijalia, tenzi za polepole zikatoka kwa sauti mbili, Wakristo wakafurahi, hata watu wa Vwawa wakaja kutazama, nami nakiri kwamba nilifurahi kuliko wote.

Mwezi uliopita Alinanuswe alikuja nyumbani na meno ya bandia, akacheka ili niyaone, akasema, "Mwenzangu, sasa natafuna hata mahindi ya kuchoma. Nipe tarumbeta yangu nianze mazoezi." Nikamjibu, "Tungoje kwanza meno yazoee." Akamaliza chai yake, akaondoka, na tangu siku hiyo hajarudi. Mke wangu Ketrina ananiambia, "Baba Tabita, meno yamekwisha kuzoea. Asiyezoea ni wewe." Je, nimrudishie tarumbeta mtu ambaye huenda akauharibu wimbo mbele ya kusanyiko?

Mzee Osea, Nanyala

MSHAURI ANAJIBU

Mzee mwenzangu Osea, mkeo amekwisha kukujibu. Mimi naongeza machache kwa kuwa umenigharimia stempu.

Kipaji chako si dhambi, wala furaha yako si dhambi. Ulikilinda kiti cha rafiki yako alipokuwa mgonjwa, na hilo ni tendo la upendo. Lakini mwenye kiti amerudi, nawe hujainuka. Usiyasingizie meno.

Unaogopa ataharibu wimbo. Huenda kweli. Waliolala makaburini wamewavumilia ninyi wawili tangu mlipokuwa mnajifunza, nao hawajaleta malalamiko kwa mchungaji. Hao wa Vwawa, kama walikuja kutazama midomo ya Osea, Pasaka hii na waje kumtazama Bwana aliyefufuka.

Basi fanya hivi. Usimngoje aje kwako. Isugue tarumbeta yake hadi ing'ae, uipeleke kwake leo kabla jua halijatua, nawe useme, "Nimekosa, ndugu yangu." Usimhubirie. Kisha fanyeni mazoezi kila jioni, na kupuliza mbili kwa pamoja umpulizie Ketrina nyumbani, kama bado anapenda.

Na jambo la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote: Alinanuswe akikosea noti, usimwonee huruma kama mgonjwa. Msimamishe, mkaripie kama ulivyokuwa ukimkaripia zamani, naye akujibu kwa ukali ule ule. Hapo ndipo atakapojua kwamba amerudi.