Kibaya Chajitembeza

Jumamosi, 3 Mei

Darasani Raskazone tena, kwenye mafunzo ya katuni. Nimechelewa kwa kumngoja wifi yangu Rukia, mke wa kaka, afunge ushungi wake. Leo tumewakata wahusika wetu vipande. Kichwa peke yake, mkono peke yake, kiwiko kinaungwa kwa uzi. Unasogeza kidogo, unapiga picha kwa simu. Unasogeza tena, unapiga. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja.

Mimi nachora tangu utotoni. Saluni ngapi za Ngamiani zina mabango ya mkono wangu! Bi Tatu wangu ana kanga ya maua, mikunjo ya shingo, mpaka hina kwenye kucha. Rukia kachora boga. Boga lenye macho na mikono, limekaa mkekani, na jina lake Boga. Nilicheka moyoni.

Chekechea moja inatafuta mhusika wa kuwafundisha watoto adabu za kula. Mchoraji atakayechaguliwa atachora mwaka mzima. Naitaka kazi ile. Nimechoka kupanda ngazi na kopo la rangi.

Jumatatu, 5 Mei

Bi Tatu anasogea kama ndoo ya kisimani. Kasi moja kwenda, kasi moja kurudi. Mkono ukiinuka, maua ya kanga yanakatika begani.

Boga anakula. Anainama, anasita, anapuliza tonge, anafumba macho. Mama kacheka mpaka kajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha kamtazama Bi Tatu, kasema mzuri. Mzuri tu, basi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha Rukia kinajitembeza kwelikweli. Roho inaniuma. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kusema popote.

Jumamosi, 10 Mei

Mwalimu kanionyesha kosa langu. Nasogeza mkono tu bila kujua unakwenda wapi. Kwanza tia alama ya penseli pale unapoanzia, sahanini, na pale unapoishia, mdomoni. Kisha gawa hatua: ndogo ndogo mwanzoni, kubwa katikati, ndogo tena ukikaribia mdomo. Ndipo mkono unapata uzito.

Na mfano kautoa kwa nani? Kwa Rukia. Darasa zima limtazame Boga anavyosita. Mtu aliyekuja kunisindikiza mimi! Penseli alikuwa haishiki ila kwa kuandika mahitaji ya sokoni.

Njiani kurudi Makorora kaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia ni jua.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata! Bi Tatu kachezesha midomo, bismillahi, kainua tonge, kala. Nilishtuka, kana kwamba amenipumulia usoni. Nikamwita Mama. Mama alikuwa anamsuka Rukia. Kasema anakuja.

Hakuja.

Ijumaa, 16 Mei

Mchana, Rukia kaja chumbani na simu. Boga alikuwa amepigwa peke yake akielekea kulia, yeye anamtaka aelekee kushoto, aliko mgeni wake kwenye picha zinazofuata. Badala ya kupiga picha upya, kabonyeza kitufe cha kugeuza. Picha zote za Boga zikageuka kama kwenye kioo. Ujanja wake ulimfurahisha mwenyewe.

"Wifi, hebu nitazamie. Wewe ndiye mwenye jicho."

Nikatazama. Boga kanawa. Kakaa vizuri. Kala kwa mkono wa kushoto. Matonge matatu, yote kwa kushoto.

Nikasema, "Iko sawa."

Kanishukuru, kanibusu shavuni. Kasimama kidogo mlangoni akivaa kandambili. Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Jumamosi, 17 Mei

Leo kazi zetu zimeonyeshwa darasani. Watoto wa chekechea waliketi mbele, mwalimu wao mkuu pembeni, Mama nyuma yao. Boga alipotia tonge la kwanza, wakalipuka: anakula kwa kushoto! Mmoja akasema huo mkono wa chooni. Mwalimu mkuu kaziba mdomo asicheke. Mama kainamisha kichwa, maana aibu ya mkwe ni yake.

Rukia hakulia. Alinigeukia mimi, akanitazama mpaka nikashindwa kutazama.

Bi Tatu kachaguliwa. Kazi ni yangu. Nimefurahi. Naandika tena ili niamini: nimefurahi.

Nyumbani Rukia aliuliza neno moja tu.

"Uliona?"

"Sikuona, wifi."

Jumapili, 18 Mei

Manyunyu asubuhi. Nimetandaza vipande vya Bi Tatu mkekani. Chekechea wanamtaka na sehemu ya kunawa.

Rukia kaleta chai kama kila siku. Kikombe cha Mama kampa kwa mikono miwili, kapiga na goti kidogo. Changu kakishika kwa mkono wa kushoto. Kauleta polepole, kasita katikati, kisha akanipa. Mama alikuwa anachagua mchele, hakuona.

Nikapokea. Chai ilikuwa na tangawizi, sukari ile ninayoipenda.