Bomba Alilofungua Waziri

Upo? Usimwambie mtu. Nimefanya kitu cha aibu.

Ule mradi wa maji, ubia wa serikali na kampuni yetu. Pampu bado haijafika. Lakini uchaguzi ni wiki ijayo, na waziri aling'ang'ania kufungua bomba leo. Bosi akaniambia, "Fundi, huyu akikasirika wanavunja mkataba. Tafuta njia."

Nikaitafuta. Nimeficha boza, lile lori la maji, nyuma ya ukuta, nikaunga mpira hadi kwenye bomba. Mimi! Kwa mikono yangu hii!

Waziri kafungua, maji yakaruka, watu wakashangilia. Na unajua nani alikinga ndoo ya kwanza? Shangazi. Shangazi yule yule aliyenilea! Akanishika kichwa mbele ya watu wote: "Mwanangu, umetutua mzigo."

Umetutua mzigo. Mimi natabasamu tu kama mjinga.

Boza liliondoka waziri alipoondoka.

Sasa hivi shangazi kanipigia, anacheka. Mkokoteni wake wa kubebea madumu kampa jirani, moja kwa moja. "Wa nini tena, baba?"

Unajua nilimjibu nini?

"Umefanya vizuri, shangazi."