Tikiti Halivundikwi

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila shikamoo ungenitolea macho hata huko uliko.

Matikiti yako ya bondeni yamekwisha. Matanga hayajaanuliwa, baba mdogo akaingia shambani akayachuma yote, mabichi. Nilimwambia tumbo la tikiti, pale lilipolalia udongo, bado jeupe. Nikamwambia Mama husubiri liwe njano kama kiini cha yai la kienyeji, na kikonyo kikauke. Alicheka. "Nimevundika ndizi tangu utotoni, tikiti ndilo linishinde?" Akayatia kwenye shimo la ndizi, akayafunika kwa majani ya mgomba, akafukia. Mama, mtu mzima kavundika matikiti!

Nilicheka, kisha nikalia kwelikweli. Wewe uliyekuwa ukiyalaza kivulini juu ya nyasi, hata kupandanisha hutaki! Wewe uliyeosha ganda kwanza, ukisema kisu huingiza ndani uchafu wa nje.

Aliyafukua akayapeleka sokoni Murongo, kwenye meza yako. Mengine yameoza, mengine meupe ndani kama tango. Bodaboda, wateja wako walewale, walitema. Unajua alijitetea vipi? "Mbegu za marehemu hizo." Shemeji yako huyo, uliyemlisha miaka yote! Sasa anasema bonde halifai kitu, atapanda mikaratusi. Baba anatazama chini tu.

Lakini moja lilibaki, limejificha kwenye magugu. Nililichunga mpaka likaiva. Jana nililigonga, likatoa ule mlio mzito unaoujua. Nikaliosha, nikalikata. Jekundu, Mama! Baba mdogo akaja na mkono ameshaunyoosha. Nilimpa ganda.

Mbegu nimezianika. Nimemwambia Baba, nduguye akisikia, kwamba bonde nalima mimi, na mkaratusi wowote utakaopandwa pale nitaung'oa. Baba akaitikia, "Haya." Hilo tu, lakini alinitazama.

Ulizoea kusema ndizi husamehe, tikiti halisamehe. Likishakatwa kwenye shina lake haliivi tena. Na mimi umeniacha mbichi, Mama. Hukuningoja. Hilo linaniuma kuliko shimo la baba mdogo, na sijui nimkasirikie nani.

Lala. Mvua zikipungua nitapanda. Tikiti la kwanza nitakuja kulikata hapo kaburini kwako, na ganda nitakuwa nimeliosha.

Binti yako,
Koku