Injini Ambayo Haikuwashwa

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila hasira imenijaa hadi kooni. Nakuandikia kwa kuwa kila nikikupigia simu uko mkutanoni.

Ni habari za mwanao ninayekaa naye. Kile chombo chao cha angani kilikuwa kinaikaribia sayari. Hakitui, kinapita karibu, kinachungulia, kinaendelea. Mjukuu wangu alinieleza kwamba sayari itakivuta na kuipinda njia yake, kwa hiyo kikikosea kidogo kabla ya kufika, huko mbele kitapotea moja kwa moja. Kuilinda hiyo njia ndiyo kazi yake. Miezi mizima mtoto anakula amesimama, akiandaa injini iwashwe mara ya mwisho kukinyoosha. Na maagizo yote hutumwa mapema, maana saa ya kupita chombo huielekezea sayari kamera, sisi kinatupa kisogo, hakisikii la mtu.

Juzi akarudi, akasema wakubwa wameamua injini isiwashwe. Akajitupa kitandani na viatu vyake, analia. Nikasema haya, wameshamdhulumu!

Sasa sikia, na usinikatize. Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwao. Bawabu alinizuia, nikampita. Nikaingia chumba kizima kimekodolea macho skrini, nikamwambia bosi wao mbele ya wote kwamba mjukuu wangu si punda, wamtumikishe kisha jasho lake walimwage. Bosi akanivutia kiti. Akanieleza taratibu kwamba injini iliwashwa mara moja hapo nyuma, kwa hesabu za mwanao huyohuyo, na chombo kikanyooka barabara. Hakuna tena cha kurekebisha. Kwao hiyo ndiyo sifa kubwa. Kumbe alikuwa analia kwa furaha na uchovu! Kazi gani hiyo, mtu akifaulu anaambiwa akae?

Wenzake walicheka. Mjukuu wangu, naye alikuwamo humo, hakucheka. Jioni alifungasha nguo, akahamia kwa rafiki yake. Alisema nimemfanya mtoto mbele ya watu anaowaongoza. Chombo kimepita salama, nimeambiwa na muuza duka. Muuza duka, mwanangu! Si yeye.

Mpigie wewe. Mimi kuomba radhi sikuzoea, na kwa umri huu sianzi.

Wasalimie wanaoniulizia, wasioniulizia wajue bado nipo. Na mwambie mwanao siku hizi mlango siutii komeo. Wezi wakiingia, ni juu yake.

Ni mimi,
Mama yako