Ulimi Wangu na Gunia la Kadzo

Bi Barke mshauri wetu, naomba unisaidie, nimechoka mimi. Kalamu sijapata kuishika, anayeandika ni Idarus fundi cherehani, na nimemwapisha, akitoboa siri hii kanzu zangu atashona mwingine. Mimi ndimi Sheikhan wa Mtongwe, mwenye ulimi wa kuonja maganda ya muhogo, nikitafuna kidogo nasema haya mpe mbuzi, haya mchungu tupa, na hakuna mnyama aliyekufa kwa neno langu, hata ng'ombe wa Likoni wakiniona nusura waniamkie. Sasa ukame huu majani ya karibu hakuna, yamebaki ya kuhangaikia bondeni, mchuuzi kaleta magunia ya maganda, mbuzi wa jirani yetu Ngala wakala wakaanguka miguu juu, akaja bwana mifugo Wafula, kijana wa bara, akatia maganda chupani, akasema yaenda maabara kupimwa sumu, mtu asilishe mpaka jibu lirudi, nami pale barazani nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo chupa yako ina meno?" watu wakacheka mpaka wakakohoa. Kumbe, Bi Barke, kwa tambuu na chokaa nilivyotafuna maisha yangu yote, ulimi wangu umekufa, wallahi hata pilipili siisikii, juzi mke wangu Tumu katia chumvi kwenye chai kunijaribu, nami nikamsifu. Yeye tu ndiye ajuaye, na sasa huyu Idarus. Na Kadzo jirani yangu, mjane, ng'ombe ni huyo mmoja, ana mimba, mbavu nje, na wanawe wangoja maziwa, kila asubuhi yuwaja na gunia lake, "Mzee Sheikhan, onja basi, ukisema ndiyo nampa." Mara namwambia jino laniuma, mara koo, mara nimefunga sunna. Jana kasema, "Mzee, ng'ombe hasimami tena vizuri. Nikiona kimya chako, nitampa tu." Nikisema ndiyo naogopa, nikisema hapana atakufa njaa, nikisema kweli mimi si mtu tena Mtongwe. Nifanyeje?

Sheikhan, Mtongwe

Mzee Sheikhan, kwa uzee na ulimi nakupa pole. Kwa lile jino la uongo sikupi. Mwanamke amekuja kwako siku zote hizo, nawe wampotezea asubuhi ambazo angekuwa bondeni akitafuta majani! Chupa ya Wafula haina meno, kweli, lakini haitafuni tambuu. Na hata ulimi mzima husikia uchungu tu. Sumu ni kitu kingine, ndiyo maana yapimwa.

Ukishasomewa haya, inuka. Usimngoje aje, nenda wewe kwake, umwambie, "Kadzo, ulimi wangu hausikii kitu, usinitegemee." Gunia lifungeni, liwekeni juu, lisifunguliwe mpaka maabara ijibu. Ng'ombe mkatieni migomba na majani ya bondeni, anyweshwe maji, na Wafula aitwe amtazame. Yule kijana uliyemfanyia mzaha watu wakamcheka, mwombe radhi papo hapo barazani. Watakucheka, mzee wangu, watakucheka sana. Aibu utaionea huko huko bondeni, panga mkononi, ukikata majani.